Ng'ombe wa Magurudumu Aliyetukimbia Alby

Nimewahi kusimama mbele ya wakwe nikiwa na suruali ya ndani, ile ndefu nyeupe ya baridi iliyolegea magotini, mchana kweupe, kwenye maegesho ya magari ya Alby huku Sweden, watu wana sahani mkononi, na kwa kuwa picha zilipigwa (simu ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kupiga picha miaka ile, kila mtu alitaka kujaribu yake) hakuna faida ya kuficha, wacha nieleze mwenyewe, maana mke wangu Mama Espe akieleza huongeza kwamba nililia, na sikulia, ulikuwa mchanga wa chini ya gari uliniingia machoni.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mrundi, shule niliiacha mapema, hata hapa naandika kama ninavyosema, atakayeona kosa alirekebishe kimoyomoyo. Ufundi wa magari niliupata kwa kulala chini ya magari ya watu, kwanza kwetu, halafu kambini Tanzania, na nilipofika Sweden wakanipa kazi ya kusafisha shule, kazi nzuri, sina neno nayo, lakini mikono ina kumbukumbu yake, kwa hiyo mtu yeyote wa huku kuanzia Skärholmen mpaka mwisho wa laini nyekundu ya treni gari lake likikohoa ananipigia simu mimi.

Basi mtoto wa marehemu mdogo wangu, Dezire, niliyemlea tangu kambini, akapata mchumba. Msichana anaitwa Nekesa, Mkenya, Mbukusu, baba yake ni Mzee Wafula anayeendesha basi na anakaa Norsborg. Mtu mrefu, mkimya, akikutazama unahisi umepanda basi bila tiketi. Wao Kirundi hawajui, sisi Kibukusu hatujui, tukabaki na Kiswahili, kila mtu na chake, tukaelewana. Na jambo moja tulielewana hata bila Kiswahili: kwao mahari ni ng'ombe na kwetu mahari ni ng'ombe.

Sasa ng'ombe utamweka wapi Norsborg, ghorofa ya sita? Wengine huleta bahasha ya pesa wakaiita ng'ombe, wengine huleta sanamu ya mbao. Mzee Wafula akasema, "Bahasha si ng'ombe. Sanamu ni ya kupangusa vumbi. Nataka kitu naweza kukiangalia asubuhi nikajua binti yangu aliombwa na watu." Alikuwa na kijumba chake cha mapumziko huko msituni, njia ya kwenda huko theluji ikiyeyuka inakuwa uji mtupu, na gari lake lenye tumbo karibu na ardhi lilikuwa limekwama mpaka jirani akalivuta kwa trekta, aibu kwa dereva. Dezire akaelewa. Akatafuta akapata kigari cha Kijapani, cha zamani, kifupi, cha mraba kama kabati, rangi ya kijani, kile cha kupanda milima kwa magurudumu yote manne. Huyo ndiye akawa ng'ombe wetu. Nilipomwona nikampenda papo hapo (nilikuwa na mfano wake mikononi miaka ile kambini, wa watu wa misaada, nitaacha hiyo, ni habari nyingine).

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, transfa. Kwa wasiojua: vigari hivi vina gea boksi mbili, ile kubwa ya mbele, halafu katikati ya gari, peke yake, inaning'inia gea boksi ndogo, sisi mafundi twaiita transfa, hiyo ndiyo inagawa nguvu iende magurudumu ya nyuma na ya mbele, na ina kirungu chake kifupi pembeni ya kile cha gea. Ya huyu ilikuwa inalia kama mbwa aliyefungiwa nje, na ukipanda kilima kirungu kinaruka chenyewe. Nikamwambia Dezire, "Hii tunatoa nzima, tunaweka nyingine." Tukaenda kwa wauza magari chakavu, nje ya mji, Mswidi mmoja mwenye ndevu akatuonyesha moja rafuni. Nikaipindua. Miguu ya kufungia ni ileile, mahali pa kufungia propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumuni, karibu ni palepale. Lakini ile yetu nyuma yake ina ngoma, ngoma ya chuma kama sahani ya chai, na hii haina. Yule Mswidi akasema kwa lugha yake kwamba hii ni ya gari la miaka ya mbele kidogo, si sawa. Nikamjibu, "Samma, samma," yaani ni ileile. Kiswidi changu chote kilikuwa hapo. Yeye akainua mabega, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Ngoma ile, nisiwafiche, nilijua ni ya nini. Kwenye vigari vya zamani vya aina hii breki ya mkono haiko magurudumuni, iko hapo, nyuma ya transfa. Ukiweka transfa isiyo na ngoma umeng'oa breki ya mkono. Nilijua kabisa. Lakini sherehe ilikuwa Jumamosi, na nikajiambia (hapa ndipo mambo yote yalipozaliwa) kwani kwetu nani alikuwa na breki ya mkono? Kwetu ni milima mitupu na magari yote yaliegeshwa kwa jiwe. Ukifika, unashuka na jiwe lako, unalisukuma chini ya tairi, unaenda kunywa. Nimekua hivyo. Nikaifunga transfa mpya, ikanyamaza kama imelala, waya wa breki ukabaki unaning'inia, nikaufunga juu kwa kamba ya chuma usionekane. Na ndani mkono wa breki ukiuvuta ulikuwa unalia vizuri tu, krr krr krr, unashika hewa.

Dezire akaniambia, "Baba mkubwa, tuwaambie. Tuseme breki tutaleta baadaye."

Nikamwambia, "Wewe oa, gari niachie mimi."

Jumamosi ikafika. Ukumbi ni ule wa chama chetu Alby, maegesho yako juu yake kidogo, yana mteremko, na chini ya mteremko kuna majani, halafu kiwanja cha watoto. Asubuhi nikalala tena chini ya gari nihakikishe waya hauonekani, nikiwa nimeshavaa suruali ya heshima, mafuta yakanidondokea, Mama Espe akaivua hiyo suruali kama anavyomvua mtoto, akasema, "Utavaa imvutano juu ya suruali ya baridi, nani atakuchungulia?" Imvutano ni lile vazi letu la kitambaa unachofunga begani kikateremka mpaka miguuni. Ukisimama vizuri unaonekana kama mfalme. Na mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wa bwana, na fimbo mkononi, nikasimama vizuri kwelikweli.

Nikaegesha ng'ombe juu ya mteremko, nikaweka gea ya kwanza ili injini nayo isaidie kumshika, nikaweka jiwe chini ya tairi, tukaingia ndani.

Nilisema vizuri siku ile. Kwetu ng'ombe wa mahari anasifiwa kwa mashairi, na mimi nikamsifu huyu mpaka bibi wa Nekesa, Kukhu, aliyekuwa amekuja kutoka Bungoma kwa ajili hiyo tu na visa yake ilikuwa inaisha juma lile, akawa anatikisa kichwa ingawa nilichanganya na Kirundi. Nikasema, "Jina lake ni Mtulivu. Hapigi teke. Harushi mkia. Hana tamaa ya malisho ya jirani. Ukimwacha mahali asubuhi, jioni utamkuta palepale anakungoja." Nakumbuka kila neno kwa sababu nimerudishiwa kila neno.

Halafu akasimama mjomba wa bibi harusi, Barasa, mtu mfupi mwenye mdomo. Akasema, "Maneno tumeyala, tumeshiba. Sasa tukamwone mnyama."

Tukatoka wote. Barasa akamzunguka, akapiga tairi teke, akafungua boneti akachungulia kama anayetazama meno.

"Amekula?"

"Amejaa mpaka shingoni," nikamjibu.

"Anakohoa?"

"Hajui kukohoa."

Watu wanacheka, mambo mazuri. Mara akainama. "Na hili jiwe?"

Nikasema, "Jiwe ni mazoea tu, mkwe."

"Mazoea gani? Kwetu ng'ombe wa mahari haletwi amefungwa miguu. Akifungwa miguu ina maana bado anaijua njia ya kurudi kwao. Ama vipi, huyu Mtulivu si mtulivu?"

Hapo ningeweza kusema. Dezire alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiambia sema. Lakini nimeshasimama ukumbini nimesema utamkuta palepale. Nikasema, "Mfungue, mkwe. Mfungue uone." Na ndani ya tumbo najisemea, gea ya kwanza itamshika, gea ya kwanza itamshika.

Barasa akalitoa jiwe. Kigari kikatikisika kidogo, kikatulia. Gea ilimshika. Nikapumua. Watu wakapiga makofi.

Sasa Mzee Wafula, ambaye siku nzima hakuwa amesema maneno ya kujaza kijiko, akafungua mlango, akainama ndani, miguu bado iko nje, akashika kile kirungu kifupi, cha transfa.

"Na haka kadogo ni ka nini?"

Nikasema, "Mkwe, hako usi..." na yeye ameshakavuta.

Kirungu cha transfa kina mahali pa katikati ambapo hakijashika kitu. Kikiwa hapo, gea ya kwanza ya kule mbele ni bure, injini na magurudumu hawajuani tena. Na breki ya mkono mnajua ilikuwa imefungwa wapi.

Mtulivu akaondoka.

Aliondoka polepole, kwa heshima, kama mtu anayetoka kanisani mapema. Wafula akaruka pembeni. Mimi nikakimbia, nikashika tairi ya akiba ile ya mlango wa nyuma, nikaweka miguu chini kuvuta, na mzee wa umri wangu na kigari cha chuma nani mshindi, nikaburutwa, halafu ncha ya imvutano ikanasa kwenye nati ya ile tairi, fundo la begani likafunguka, na vazi likaenda na ng'ombe. Nikabaki nimesimama kwenye lami na fimbo. Mtulivu akavuka majani, vazi langu linapepea nyuma kama bendera, akapita karibu na mama mmoja wa Kiswidi mwenye kambwa kadogo, yule mama akasogea hatua akasema, "Oj," basi, hakuongeza, na Mtulivu akagonga ubao wa shimo la mchanga wa watoto na kusimama pua chini, matako juu. Mungu ni mwema, watoto wote walikuwa ndani wanagombania mandazi.

Barasa bado ana jiwe mkononi.

"Ameenda kunywa maji," akasema.

Watu walicheka, jamani. Walicheka wakakalia lami. Simu zikatoka mifukoni. Mama Espe alijifunika uso kwa mkoba na mabega yanatikisika, mke wangu wa ndoa. Nami ningecheka pia, ila nilimwona Mzee Wafula, hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu, akanitazama, suruali ile ya ndani hakuitazama hata kidogo, alinitazama usoni.

"Mzee. Ulijua hana breki?"

"Nilijua."

"Mtu angekuwa pale mchangani?"

Nikageuka nikatazama kule mchangani.

"Basi leo hatupokei. Chukueni ng'ombe wenu. Mtarudi mkiwa tayari."

Kicheko kikakatika hapohapo, maana kila mtu alijua visa ya Kukhu inaisha juma lile, na Nekesa alikuwa ameapa haolewi bibi yake asipoona ng'ombe akipokelewa kwa macho yake. Kurudi kungekuwa mwaka mwingine, au Kukhu asingekuwepo tena. Nekesa alikuwa mlangoni mwa ukumbi na sinia la chapati, akaliweka chini taratibu. Dezire hakunilaumu. Hilo ndilo liliniuma kuliko kitambaa kilichoenda.

Nikajifunga kitambaa cha meza alichonitupia mtu, nikasema kwa sauti ya msemaji, "Wakwe zetu, ng'ombe ni wetu na hajapokelewa, hilo tumekubali. Lakini haturudi nyumbani. Chakula kipo, kuleni. Ng'ombe huyu atasimama hapa leo jua likiwepo, na jiwe mtalitoa wenyewe. Asiposimama, mimi ndiye nitakayewaomba radhi mlango kwa mlango." Na jua la Sweden mwezi wa tano, mnalijua, halina haraka ya kwenda nyumbani.

Vijana wetu wakamsukuma kutoka mchangani mpaka juu. Barasa akaweka jiwe mwenyewe, kwa uangalifu sana safari hii. Mama Espe akaenda kwenye stoo yetu ya chini, jengo lile la pili tu kutoka hapo, akarudi na ovaroli yangu, vifaa, na ile transfa ya zamani yenye ngoma, ameilaza kwenye kigari cha kusukumia mtoto na kuifunika shuka, wanawake njiani wakawa wanachungulia kumwona mtoto.

Nikatandika maboksi, nikaingia chini. Nikaishusha transfa mpya. Nikazifungua zote mbili juu ya trei ya oveni ya ukumbi (nililipa nyingine, msiniulize). Vyuma vya ndani ni ndugu wa tumbo moja, nikahamisha vile vizima nikaviweka kwenye ganda la zamani, lile lenye ngoma. Yaani kazi ambayo ningeifanya tangu mwanzo badala ya samma, samma. Vidole vilichubuka, nati moja iligoma nikaiambia maneno ambayo mchungaji wa kanisa letu aliyasikia kutoka kwenye pilau yake. Sikutoka.

Ilipofika saa ya kuinua transfa kuirudisha mahali pake, pale panataka watu wawili, mmoja anabeba mmoja anafunga. Nikaita, "Dezire, njoo." Nikaona viatu vinakuja, vyeusi, vinang'aa. Viatu vya Dezire vilikuwa vya kahawia. Mzee Wafula akalala juu ya maboksi na shati lake jeupe, akajiburuta mpaka karibu yangu, akaweka mikono chini ya transfa.

"Hapa?"

"Hapo, mkwe."

Akainua. Nikaanza kufunga. Akasema akitazama juu, "Kwa nini hukusema?"

"Nilishamsifu. Mtu ukishamsifu ng'ombe mbele ya watu, unasemaje tena kwamba anachechemea?"

Akahamishia uzito kwenye mkono mwingine, akasema: "Mimi kila asubuhi, kabla sijatoa basi, navuta breki ya mkono nasikiliza. Abiria hawajui. Hakuna anayenipigia makofi."

"Ndiyo."

"Binti yangu anaingia kwenu. Nataka kujua anaingia kwa watu wa namna gani. Huyu kijana naye alijua?"

Ningeweza kumkinga Dezire kwa kusema hakujua. Lakini nilikuwa nimechoka na mambo ya kufungwa juu kwa kamba yasionekane. "Alijua. Alitaka kuwaambia tangu mwanzo. Mimi nilimziba mdomo."

Wafula akageuza kichwa, tukawa pua kwa pua, kadondo ka mafuta kamemwangukia kwenye kola.

"Alitaka kusema?"

"Alisema, 'Baba mkubwa, tuwaambie.' Maneno hayohayo."

"Sawa," akasema. Akainua transfa kidogo zaidi. "Funga hiyo ya kushoto, mkono wangu unakufa ganzi."

Tulipotoka chini yake Kukhu alikuwa ameshaletewa kiti nje, na blanketi mbili. Nikaunga waya wa breki kwenye ngoma, nikaingia ndani, nikavuta mkono wa breki, krr krr krr, na safari hii nikausikia ukishika, mkono wangu ukakaza mpaka begani. Wafula mwenyewe akaweka kirungu kifupi pale katikati, pale pabaya. Kila mtu akasogea pembeni, wengine walienda mpaka ukingoni mwa maegesho. Barasa akainama akatoa jiwe, akarudi nyuma nalo kifuani.

Mtulivu akakaa.

Wafula akamsukuma kwa bega, akamsukuma tena. Akakaa. Kukhu akasema kitu kwa Kibukusu, kirefu, watu wao wote wakaangua kicheko, na Nekesa akatutafsiria huku anafuta macho: "Kukhu anasema ng'ombe amepokelewa. Lakini mzee aliyemleta asiruhusiwe tena kumsifu mtu wala kitu."

Vigelegele vilisikika mpaka kwenye treni, nadhani.

Dezire na Nekesa wana watoto sasa, wananiita farfar, yaani babu, wanajibu kwa Kiswidi hata ukiwauliza kwa Kiswahili, na ile picha wameiona, wameikuza. Mimi lile agizo la Kukhu nimelishika. Gari la mtu nikilitengeneza, mwenyewe akiniuliza limekuwaje, simwambii ni zuri, nampeleka kwenye mteremko. Jiwe Barasa hakulitupa, alilipeleka kwa Wafula kule msituni, linazuia mlango wa kijumba. Kila theluji ikiyeyuka Wafula ananiita, tunaenda mimi na yeye, nalala chini ya Mtulivu natazama ile ngoma, na nikitoka Wafula ananikabidhi kahawa na kuniuliza ng'ombe hali yake ikoje, anangoja niteleze niseme neno zuri.

Sisemi. Namwambia, "Weka katikati, vuta breki, tusogee pembeni tuone."